Mungu Amenyamaza, na Pesa Zinaisha

BARUA

Mama, Bwana asifiwe.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Ya leo naituma jinsi ilivyo, uniwie radhi kama haikupangika.

Nina miaka 36. Kwetu ni Kakuyuni, lakini naishi Maweni, hapa Malindi, pamoja na binti yangu anayesoma sekondari ya kutwa. Babake alituacha mtoto akiwa hajaota meno, na sina habari zake. Nimefanya kazi katika hoteli moja ya ufuoni kwa miaka 11. Nilianza kwa kutandika vitanda, mwisho nikawa msimamizi wa vyumba vyote. Kiitaliano nilikiokota humo humo kwa wageni, na wako wanaorudi kila Desemba ambao wakishuka tu kwenye gari huuliza kwanza mimi niko wapi. Niliajiriwa kwa barua, sikuwa mtu wa msimu.

Wiki ya pili baada ya Pasaka tuliitwa siku ya Jumanne, tukaambiwa hoteli imeuzwa na siku yetu ya mwisho ni Jumamosi. Wenzetu wa msimu hawakushtuka sana, wao kila masika hurudi makwao wakangoja Julai. Sisi wa barua ndio tulioduwaa. Nilipewa karatasi nikatia sahihi bila kuisoma vizuri, nikapokea shilingi 98,000. Mshahara wangu ulikuwa 24,000 kwa mwezi. Nilisema asante. Kisha nikalia juu ya bodaboda mpaka mlangoni.

Nimelipa kodi ya nyumba, nimemaliza deni la karo, nimemtumia mama kidogo. Zimebaki 57,000, na kila nikienda sokoni zinapungua.

Mama, nimeomba. Nimefunga siku saba. Nimekesha Ijumaa tatu. Asubuhi mtoto akienda shule, mimi hutembea mpaka kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, nakaa kwenye mawe naangalia bahari ya kusi ilivyochafuka, namwambia Bwana aniambie niende wapi. Hajibu. Nikaweka ngozi kama Gideoni alipomwomba Mungu ishara: nikasema, Bwana, nikipigiwa simu ya kazi kabla ya Jumapili, nitajua unanisikia. Simu ililia Jumamosi jioni. Alikuwa mtu aliyekosea nambari, anatafuta fundi wa mabomba. Nilikaa sakafuni nisiweze kuinuka.

Watu nao kila mmoja ana lake. Mama yangu anasema nirudi Kakuyuni, ardhi haifukuzi mtu. Kuna wakala wa Mombasa anayetaka kunipeleka Saudia kazi za nyumbani, anadai elfu 20 za kufungua faili, na kwamba ndani ya miezi miwili nitakuwa nimeruka. Na kwenye ushirika wetu wa kanisa kuna mtumishi mmoja, mama anayeheshimika sana, ambaye alinishika mkono mbele ya watu akasema ameoneshwa kwamba mlango wangu umefungwa kwa sababu pesa nimezikunjia ngumi. Anasema nipande mbegu, yaani nitoe sadaka ya 30,000, kabla ya mwezi kuisha, kama mjane wa Sarepta aliyempa nabii kwanza, la sivyo neema hii itanipita. Sijazitoa. Lakini usiku silali, kwa sababu nusu yangu inamwamini.

Dada mmoja wa kwaya ananiambia niache kuwaza, kuwaza ni dhambi, nisome Yeremia 29:11. Nimeisoma mpaka nimeanza kuichukia, Mungu anisamehe.

Naomba uniambie mambo mawili. Mungu amenyamaza kwa sababu imani yangu ni ndogo? Na nikikaa chini nikatumia akili yangu kuchagua, nitakuwa nimeacha kumtumaini? Maana imeandikwa nisizitegemee akili zangu mwenyewe.

Anayesubiri, Maweni

JIBU

Mwanangu, Amina. Nimeisoma barua yako usiku, nikaisoma tena asubuhi kabla ya chai. Pole. Miaka 11 kwisha kwa siku nne ni msiba, na msiba hauna haja ya kuombewa radhi.

Najua unangoja nianze na Mungu. Mimi nitaanza na ile karatasi uliyotia sahihi, na ukifika mwisho utaona kuwa sikuwa nimetoka kwenye swali lako.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema hivi: mwajiri akipunguza watu kazini, anatakiwa kutoa notisi isiyopungua mwezi mmoja, ampe habari afisa wa kazi au chama cha wafanyakazi, na amlipe mtu mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Chukua kalamu. Miaka 11 mara siku 15 ni siku 165. Mshahara wa 24,000 ukiugawa kwa siku 30 unapata 800 kwa siku. Mara 165, ni shilingi 132,000. Notisi hukupewa, siku nne si notisi, kwa hiyo kuna mshahara wa mwezi mmoja mwingine: 156,000. Siku za likizo ambazo hukuzichukua hulipwa pia. Hayo ni kabla ya makato ya serikali. Wewe umepewa 98,000, ukasema asante.

Kutia sahihi si lazima kuwe kumeufunga mlango. Itafute ile karatasi, na kama hukubaki na nakala, kaiombe. Chukua barua yako ya kuajiriwa na hati za mishahara za miezi ya mwisho, uende ofisi ya kazi. Kama ulikuwa ukikatwa ada ya KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, pita kwao kwanza, ni kazi yao. Malindi ina kituo cha Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, lakini mambo mengi humalizwa na barua moja ya afisa wa kazi kabla ya kufika huko. Madai kama haya yana muda wa miaka 3, na wewe hujafikisha hata miezi 3. Tena udai cheti cha utumishi, kile kinachoeleza ulifanya kazi gani na tangu lini. Hicho si hisani, mwajiri analazimika kukitoa.

Huenda moyoni unasema: Mama, Mkristo anadaije? Nimewasikia wanawake wengi wa kanisa wakisema, nimemwachia Mungu, kumbe wamemwachia mwajiri. Fungua Hesabu sura ya 27. Binti watano wa Selofehadi, baba amekufa, kaka hawana, jangwani, wasijue nchi watakayofika itakuwaje. Hao walikuwa kwenye mpito kuliko mimi na wewe. Walikwenda wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na kuhani na mkutano mzima, wakasema: tupeni milki pamoja na ndugu za baba yetu. Musa akayapeleka maneno yao kwa Bwana, na Bwana akasema walichosema ni haki. Hakuwaambia waondoke wakafunge siku saba. Nakuomba usome kisa hicho kabla hujaingia ofisi ya kazi, ukiingia uingie na wale binti watano nyuma yako.

Sasa huyo mtumishi na mbegu yake.

Mjane wa Sarepta nampenda, ndiyo maana nachukia anavyotumiwa. Soma 1 Wafalme 17 polepole. Eliya alimwomba mkate mdogo. Hakumwomba pipa la unga. Kisha akakaa mle nyumbani, yeye na mjane na mtoto wake, wakila unga ule ule siku nyingi. Njaa ya mjane ilikuwa njaa ya nabii. Na mtoto alipougua akakata roho, Eliya ndiye aliyembeba juu chumbani kwake na kumlilia Mungu. Mama huyo anayetaka 30,000, akishazipokea, atakuja Maweni kula unga mmoja na wewe? Binti yako akirudishwa nyumbani kwa karo, atambeba yeye?

Kisha geuza kurasa chache, 2 Wafalme 4. Mjane mwingine, mdai amekuja kumchukulia wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakusema, panda mbegu. Alimuuliza, una kitu gani nyumbani? Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Akaambiwa aazime vyombo kwa jirani, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Mafuta yalipojaa vyombo vyote, nabii alimwambia auze, alipe deni, yeye na watoto waishi kwa kitakachobaki. Ukitafuta fungu la nabii katika hesabu ile hulipati.

Sisemi usitoe sadaka. Toa, kwa hiari na kwa kiasi chako, pale kanisani kwako. Lakini yeyote anayekupa tarehe ya mwisho na kukutisha kwamba neema itakupita, mwambie kwa heshima: mama, nimesikia, nitaomba. Kisha zipeleke hizo 57,000 benki au kwenye Sacco, mahali usipoweza kuzifikia kwa simu usiku ukiwa na hofu. Usijadiliane naye. Mwenye hofu hushindwa mjadala hata akiwa na haki. Mungu hana mwisho wa mwezi, mwanangu.

Nalirudia swali lako la kwanza, lile la Mungu kunyamaza. Hili ndilo lililonikalisha na barua yako mpaka usiku.

Kitabu cha Ruthu kina sura nne. Kisome kwa mkao mmoja, ni muda wa kupika ugali na mboga. Tafuta humo malaika. Tafuta ndoto, tafuta nabii, tafuta sauti kutoka mbinguni. Hutapata hata moja. Watu wanamtaja Bwana, wanabarikiana kwa jina lake, wanamlalamikia, lakini yeye mwenyewe hatamki neno. Ruthu anaingia Bethlehemu mgeni, Mmoabi, mjane, na mkwewe mwenye uchungu. Anachofanya ni kusema, niruhusu niende kondeni nikaokote masazo ya mavuno. Hakuambiwa konde gani. Aliingia tu, na Biblia inasema bahati ikamtukia kwamba ni konde la Boazi. Neno ni hilo hilo, bahati. Mwandishi alijua ni Mungu, na sisi tunajua ni Mungu, lakini Ruthu asubuhi ile alikuwa mwanamke aliyeinama juani kuokota shayiri ili wale jioni.

Na Naomi? Alisimama mbele ya mji mzima akasema wasimwite Naomi tena, wamwite Mara, kwa kuwa Mwenyezi amemtenda mambo machungu. Hakuna aliyemkemea. Hakuna aliyemwambia kuwaza ni dhambi. Kwa hiyo yule dada wa kwaya msamehe, ana nia njema, ila usimfuate. Kuna zaburi nzima, ya 13, inayoanza kwa kumuuliza Bwana hata lini atamsahau mtu wake. Kama kulalamika kungekuwa kukosa imani, zaburi hiyo isingeimbwa hekaluni.

Kuhusu ngozi ya Gideoni, neno dogo tu. Gideoni alikuwa ameshaambiwa waziwazi la kufanya kabla hajaiweka ile ngozi. Aliiweka kwa woga, Mungu akamvumilia. Haikuwa njia ya kutafutia habari. Simu ya yule mtu wa mabomba haikuwa jibu la Mungu, mwanangu. Ilikuwa simu ya mtu wa mabomba. Inuka sakafuni.

Nikwambie langu. Mume wangu alikuwa mtumishi wa serikali, alihamishiwa Lamu tukakaa mtaa wa Langoni. Alifariki huko huko, ghafla, nikiwa na watoto watatu na nyumba ambayo ilitakiwa ipewe aliyechukua nafasi yake. Nilikaa miezi minne nikiomba bila kusikia chochote. Hata machozi yaliisha, nikawa naomba mkavu kama jiwe. Nilitaka Mungu aniambie nirudi kwetu au nibaki. Hakuniambia. Lakini mwezi wa Ramadhani ulipoingia, jirani yangu, Mwislamu, mwanamke wa makamo tuliyesalimiana tu kwa mlango, akaanza kuniletea sinia la futari kila magharibi. Kila siku, mwezi mzima, na watoto wake wala si wachache. Siku nilipomwambia anajitaabisha, alisema, mama, hiki chakula si changu mimi. Nimesikia mahubiri mengi tangu wakati ule, na bado sijasikia yaliyonigusa kama lile sinia. Nilikuwa nimekodoa macho juu, na jibu lilikuwa limebisha hodi mlangoni.

Sikuahidi kuwa kila kitu kitakwisha vizuri. Wanaoahidi hivyo hawakusoma vitabu vyao vyote. Nilipokuwa msichana tulipelekwa na kanisa kuliona kaburi la Rosine Krapf, upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Alifika pwani hii mwaka 1844 pamoja na mumewe, mmisionari Johann Ludwig Krapf, na mwezi wa Julai mwaka huo huo alikufa kwa homa, na mtoto wake wa kike aliyekuwa ametoka kumzaa akafa siku chache baada yake. Mumewe alihamia Rabai mwaka 1846, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa keshafariki. Rosine hakuona hata kimoja cha hivyo. Nimesimama kwenye kaburi lile mara kadhaa nikiwa mtu mzima, na kila mara najiuliza alisali nini usiku wa mwisho. Sidhani imani yake ilikuwa ndogo. Ndiyo maana nakataa mtu akikwambia kwamba kazi ikichelewa kupatikana ni kwa kuwa hukuamini vya kutosha.

Yeremia 29:11, hiyo uliyoanza kuichukia: huichukii aya, unaichukia ilivyokatwa. Ile ni barua iliyotumwa kwa watu waliohamishwa kwa nguvu mpaka Babeli. Anza kuisoma aya ya 5. Mungu anawaambia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake. Aya ya 8 anawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao. Hata hapo ngoja kidogo, mwanangu, umfikirie tena yule mtumishi. Aya ya 10 anawaambia itachukua miaka 70. Ndipo inakuja ya 11, kwamba anayajua mawazo anayowawazia, mawazo ya amani. Tumaini lile walipewa watu wenye udongo kwenye kucha, waliokuwa wanapanda mboga katika nchi wasiyoitaka.

Na Mithali 3:5? Neno ni usizitegemee. Fimbo unaitegemea ukiwa huna miguu. Akili ni miguu uliyopewa, itumie. Kitabu hicho hicho, sura ya 6, kinamtuma mvivu kwa chungu akajifunze jinsi anavyojiwekea akiba wakati wa hari. Kutumia akili huku ukijua ina mwisho wake, na ukiwa tayari kugeuka Bwana akikugeuza, huko si kuacha kumtumaini.

Basi tuitumie.

Saudia. Sikukatazi, nimeona waliokwenda wakajenga. Nimeona pia waliorudi hawasemi. Umesema unakaa kwenye mawe ya ile Nguzo. Wareno walipofika hapa mwaka 1498 walikuwa na meli na vyombo vyao vya bahari, lakini Vasco da Gama hakuthubutu kuvuka kwenda Bara Hindi mpaka alipopewa hapa Malindi rubani aliyezijua pepo. Waling'oa nanga mwezi wa Aprili wakavuka kwa kiasi cha siku 23. Wewe nawe usiruke bila rubani, na rubani wako si wakala. Wakala anauza tiketi. Tafuta wanawake watatu waliofanya kazi hizo wakarudi, Malindi wamo, Kilifi wamo, uwaulize: pasipoti alikaa nayo nani? Simu ulikuwa nayo? Ulilala saa ngapi? Siku ulipotaka kuondoka ilikuwaje? Kule kumekuwa na utaratibu wa kafala, ambapo mwajiri ndiye mdhamini wako, na mabadiliko ya sheria ya kazi ambayo Saudia iliyaleta mwaka 2021 hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani. Halafu ulizia kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama wakala huyo amesajiliwa. Kama hayumo, mazungumzo yameisha. Kama yumo, usitoe hata shilingi bila risiti, wala usitie sahihi mkataba ambao hujausoma wote na mtu mwingine. Safari hii usome, mwanangu. Na ujiulize swali moja ambalo hukulitaja kwenye barua: binti yako atakaa na nani muda wote utakaokuwa huko?

Kakuyuni. Mama yako anakupenda na mlango wa kwenu uko wazi, jambo ambalo wengi hawana. Kodi utaokoa. Shule ya mtoto ndiyo tatizo. Iweke Kakuyuni kama nanga yako, usiione kama kushindwa, wala usiikimbilie leo.

Sasa swali la Elisha. Una kitu gani nyumbani?

Umeniandikia ukurasa mzima wa usichonacho, na katikati ukataja, kama unapita njia tu, kwamba unazungumza Kiitaliano na wageni huuliza uko wapi kabla hawajashusha mizigo. Hiyo ndiyo chupa yako ya mafuta. Malindi na Watamu zimejaa nyumba za watu wasiokaa humo. Zinafungwa, zinaota ukungu wakati wa mvua, kisha mwenyewe anatua Agosti, mwezi ambao Waitaliano wengi huchukua likizo, akute shuka zinanuka na friji haliwaki. Anahitaji mtu mwaminifu wa kufungua madirisha, kufua mapazia, kumwita fundi, kumwandikia kwa lugha yake kwamba paa la makuti linavuja na picha hii hapa. Umefanya hivyo miaka 11 kwa niaba ya mwingine. Una nambari za wale wageni? Waandikie watano wiki hii. Usiwaombe msaada. Waambie hoteli imeuzwa, kwamba sasa unatunza nyumba, na uwaulize nani wanamfahamu mwenye nyumba hapa. Vyombo vitupu viazime kwa jirani, ndivyo alivyoambiwa yule mjane: huyu ana mashine ya kufulia, yule ana mwana mwenye tuktuk. Anza na nyumba moja. Huenda zisifike tano mpaka kaskazi. Hata moja inalipa kodi ya Maweni.

Tena tazama wavuvi wa pale chini, maana unapita kwao kila asubuhi ukienda kwenye mawe yako. Kusi likivuma hivi, vyombo vidogo vimepandishwa mchangani. Hujamwona hata mmoja amekaa akiitazama bahari kutwa nzima aiulize itatulia lini. Huyu anashona nyavu, yule anatia kalafati, mwingine anapaka mafuta ubavu wa mashua. Hawajui samaki watakuwa wangapi. Wanajua kazi ya kusi ni ipi, nao wanaifanya. Nenda Nguzoni, usiache, sala ile ya asubuhi nzuri. Ila ukimaliza, rudi kwa njia ya mjini, uingie ofisi ya kazi.

Jumatatu ni ofisi. Jumanne waandikie wageni. Kesha la Ijumaa wiki hii liache ulale, mwili nao ni wa Bwana. Mwambie binti yako ukweli wa pesa zilizobaki, ni mkubwa wa kutosha, na kimya chako kinamtisha kuliko hesabu. Halafu mwombe muombe pamoja, yeye aseme sala, wewe useme Amina.

Wakikusumbua pale ofisini, au wakikwambia sahihi yako imemaliza kila kitu, niandikie upesi. Na hukuniambia jina la binti yako. Nitumie nimtaje asubuhi ninapowataja wangu.

Mama yako wa safu hii